Kompyuta Namba 7: Hatari ya Umeme Iliyoandikwa kama Ubovu wa Mashine katika Kituo Kimoja cha Lamu

Kisa hiki kinahusu kituo cha mafunzo na huduma za kompyuta kilichomo katika nyumba ya kale mtaani Mkomani, Lamu, ambacho kwa sababu za staha sitakitaja jina. Kwa muda mrefu wafanyakazi wake walilalamika kwamba kompyuta moja iliwatekenya mikono kila walipoigusa. Malalamiko yaliandikwa daftarini, mashine ikatengenezwa, baadaye ikabadilishwa, na mtekenyo ukaendelea palepale. Ushahidi wote uliohitajika ili kuifahamu hatari hii ulikuwa umepita mbele ya macho ya watu wenye bidii na ujuzi, lakini daftari lao halikuwa na mahali pa kuuandika. Hatari ya kazini ikiandikwa kama ubovu wa kifaa hutibiwa kama ubovu wa kifaa, na mfanyakazi hubaki mahali pa hatari ilhali karatasi inasema kwamba kazi imekwisha.

Chumba na watu wake

Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyake huwa virefu na vyembamba. Chumba cha mafunzo cha kituo hiki kiko ghorofa ya kwanza, na kompyuta 12 zilikuwa zimepangwa kufuata ukuta mmoja, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kuzipanga. Printa kubwa iliwekwa juu ya meza kwenye ukuta wa pili, karibu kiasi kwamba mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ya saba aliweza kuinyooshea mkono bila kusimama.

Soketi za ukutani zilikuwa mbili tu. Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na kuchimba ukuta wa matumbawe ili kupitisha nyaya si jambo ambalo mpangaji hulifanya apendavyo. Kwa hiyo soketi ya upande wa mlangoni ililisha kompyuta zote kwa ekstensheni zilizochomekwa moja ndani ya nyingine, na soketi ya pili ikaachiwa printa na projekta. Mpango huu haukuwahi kuchorwa popote, na kila fundi aliyefika aliukuta umekwishafanywa.

Jambo jingine, ambalo fundi wa mifumo asingelihesabu kuwa sehemu ya mfumo wa kompyuta, ni desturi ya nyumba. Viatu huvuliwa mlangoni. Mhudumu wa zamu ya asubuhi hupiga deki sakafu ya saruji kabla ya kufungua, kisha huwasha mashine moja moja akiwa miguu mitupu, na katika miezi ya masika sakafu hiyo huchukua muda mrefu kukauka.

Daftari lilivyosema

Mhudumu huyo, binti mdogo kuliko wote kazini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alimwambia msimamizi wake, mzee ambaye wote hapo humwita ami: "Ami, kompyuta hii yanitekenya mkono nikiigusa." Akajibiwa kwa upole: "Vaa viatu, mwanangu. Hewa ya bahari hiyo." Jibu lilitolewa kwa nia njema, na halikuwa la kipuuzi, maana hewa ya chumvi huharibu kweli viungo vya umeme katika mji huu. Lakini liliugeuza ushahidi kuwa ushauri. Viatu vingepunguza alichokuwa akikihisi bila kugusa chanzo chake, na ukweli kwamba viatu vinaleta tofauti ulikuwa tayari unaonyesha kwamba mwili wake ulikuwa njia ya umeme kuelekea ardhini.

Alipolalamika tena, iliandikwa: "Kompyuta namba 7 ina shoti. Imeripotiwa kwa fundi." Safu za daftari zilikuwa tarehe, kifaa, hitilafu na hatua iliyochukuliwa. Fundi alibadilisha kisanduku cha umeme cha mashine hiyo, akaijaribu, hakuhisi lolote, akatia saini. Lalamiko liliporudi, kompyuta nzima iliondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake. Mashine iliyoondolewa ilipelekwa kwenye ofisi ya msimamizi, ambako haikumtekenya mtu hata mara moja. Iliyowekwa mahali pake ikaanza kutekenya. Hakuna safu ya daftari iliyoweza kupokea habari hiyo, kwa sababu daftari liliulizia kifaa, na kifaa kilikuwa kimebadilishwa.

Mambo mawili zaidi yalijulikana kwa mdomo tu. La kwanza, siku za mafunzo mtekenyo ulipotea kabisa. Walimu walilichukua hilo kuwa thibitisho kwamba mhudumu anatia chumvi, kwa kuwa wao ndio waliokuwapo chumbani siku hizo. La pili lilikuwa la zamani zaidi. Kompyuta zilipofungwa mara ya kwanza, swichi ya usalama ya nyumba, ile inayokata umeme pale mkondo unapovuja na ambayo mafundi huiita ar-si-di, ilikuwa ikianguka bila sababu iliyoonekana, hadi fundi mmoja aliyepita alipoimaliza kero hiyo. Aliimaliza vipi, hakuna aliyeandika.

Umeme ulikotoka

Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani kina kichujio cha kuzuia kelele za umeme, na ndani yake mna kapasita ndogo, vijenzi vinavyoupitisha umeme kidogo kidogo, zinazounganisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), kila mmoja peke yake, na kasha la chuma. Kwa hiyo mkondo mdogo huvuja kila wakati kutoka laivu kwenda kasha, na waya wa ethi huupeleka ardhini. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa mashine nzima isiyo na ubovu wowote. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya aina hii huuwekea mvujo huo ukomo wa miliampia 3.5 (miliampia ni sehemu ya elfu ya ampia) kwa kifaa kinachochomekwa kwa plagi, na mashine nyingi huvuja chini ya hapo kwa mbali.

Waya wa ethi ukikatika, kapasita hizo mbili hugawana volti 240 za Kenya nusu kwa nusu, na kasha hubaki likielea kwenye takriban volti 120. Kwa kompyuta moja mtu atakayeligusa atahisi mtekenyo, kwa kuwa mkondo unaoweza kupita ni kiasi cha miliampia moja, nao mwili huanza kuhisi umeme kwenye takriban nusu ya hiyo. Ndipo watu husema ni jambo dogo. Lakini katika chumba hiki ethi haikukatika kwenye kompyuta moja. Plagi ya ekstensheni ya kwanza, ile iliyolisha nyingine zote, ilipofunguliwa ilionekana kwamba waya wake wa ethi ulikuwa umekatwa kwa koleo na kukunjwa kando. Pini ya ethi yenyewe iliachwa mahali pake, kwa sababu vifuniko vya ndani vya soketi zetu havifunguki bila pini hiyo. Kwa nje plagi ilikuwa kamili. Nyaya za ethi za ekstensheni zote zilizofuata zilibaki zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na hivyo makasha yote 12 yalikuwa kasha moja kubwa lisilo na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mtu.

Vipimo vilifanywa na fundi umeme mwenye leseni, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu fundi wa mifumo asijipe kazi ya kupima mkondo wa mguso kwa mikono yake. Kati ya kasha la kompyuta ya saba na ethi ya kweli palikuwa na volti 118. Nambari hiyo peke yake haitoshi kusema lolote kuhusu madhara, maana kipimo cha kisasa husoma volti kubwa hata pale ambapo mkondo unaoweza kupita ni mdogo mno. Fundi aliweka rezista, kijenzi kinachoukinza mkondo, ya omu 2,000 badala ya mwili wa mtu, akasoma volti 19 juu yake, yaani miliampia 9.5. Alipoichomoa kompyuta moja na kuipima peke yake alipata miliampia 0.8. Mara 12, hesabu inakubaliana.

Kuanzia takriban miliampia 10 misuli ya mkono wa mtu mzima inaweza kukaza kiasi cha kumfanya ashindwe kuachia alichokishika, na wapo watu ambao hufikia hali hiyo chini ya kiwango hicho. Mhudumu aliyekuwa akiambiwa avae viatu alikuwa akifanya kazi kwenye ukingo wa hali hiyo.

Kutoka hapo kila lalamiko lilipata maelezo. Asubuhi sakafu ilikuwa na maji na nyayo zilikuwa tupu, kwa hiyo mkondo ulipita kutoka mkononi hadi miguuni, na kufikia adhuhuri sakafu ilikuwa imekauka na mtekenyo ukafifia. Siti ya saba ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sababu printa ya ukuta wa pili ilikuwa na ethi nzima kupitia soketi yake, na aliyeshika kasha kwa mkono mmoja na kufungua trei ya chuma ya printa kwa mkono mwingine aliupitisha mkondo kifuani. Siku za mafunzo projekta, iliyochomekwa kwenye soketi hiyohiyo ya printa, iliunganishwa kwa kebo ya picha na kompyuta ya mwalimu, na ganda la chuma la kebo likawa waya wa ethi wa makasha yote 12. Volti zikashuka hadi karibu na sifuri, na chumba kikawa salama kwa bahati, mpaka mtu aichomoe kebo huku vidole vyake vikigusa chuma cha pande zote mbili.

Na ile swichi ya usalama? Ilipobonyezwa kitufe chake cha majaribio ilianguka ipasavyo. Ilikuwa nzima, na kwa hatari hii haikuwa na msaada. Swichi ya miliampia 30 inaruhusiwa kuanguka mvujo ukiwa popote kati ya 15 na 30. Kompyuta zilipofungwa mara ya kwanza, mvujo wao wa kawaida uliongezwa juu ya mvujo wa vifaa vingine vyote vya nyumba vilivyopita kwenye swichi hiyohiyo, jumla ikaingia katika eneo hilo, na ikaanza kuanguka ovyo. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba yule fundi aliyepita alikata ethi ili mvujo usiwe na pa kwenda. Kero ikaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo mkondo pekee wa makasha haya uliobaki wa kupima ulikuwa ule unaopita kwenye mwili wa mtu, na miliampia 9.5 peke yake haziifikii 15. Fyuzi nayo haikuwa na la kusema, kwani mzigo wa chumba kizima ulikuwa chini ya nusu ya ampia 13 zake.

Namna hatari hii ilivyostahili kuandikwa

Kitu cha kwanza nilichopendekeza kilikuwa kuandika upya lile ingizo la daftari, kabla ya mjadala wowote wa fedha, na kuwataka walioishi na tatizo hili walithibitishe neno kwa neno. Tuliafikiana hivi:

"Katika chumba cha mafunzo, ghorofa ya kwanza, makasha ya kompyuta zote zinazolishwa na soketi ya mlangoni yana umeme wa takriban volti 118 kwa kuwa waya wa ethi wa ekstensheni ya kwanza umekatwa ndani ya plagi. Mkondo unaoweza kupita kwenye mwili ni miliampia 9.5. Mtu yeyote anayegusa kasha akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, au akiwa ameshika printa, yumo hatarini, hususan mhudumu wa asubuhi. Hali hii haionekani projekta inapokuwa imeunganishwa. Swichi ya usalama haiikati."

Ingizo hili halitaji namba 7. Linataja mahali, chanzo cha nishati, njia inayompitia mtu, nani yumo njiani na kwa saa gani, pamoja na hali zinazoificha hatari. Hili la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu mkaguzi atakayekuja siku ya mafunzo, apime na asikute kitu, atajua kwa nini hakukuta.

Palikuwa na ubishi kuhusu uzito wa hatari hii. Fomu ya kituo iliuliza uwezekano wa ajali na ukubwa wa madhara, na msimamizi alitaka kuandika "kidogo" kwa vyote viwili, akisema kwamba kwa muda wote huo hakuna aliyeumia. Sikukubaliana naye, na bado naona kwamba hoja hiyo ni mtego kwa kila anayejaza fomu za namna hii. Kutoumia kwa watu hadi leo kunaeleza tu habari za nyayo zilizokauka na mikono isiyogusa printa. Isitoshe, kisanduku kimoja tu cha umeme kikipata shoti kati ya laivu na kasha, makasha yote 12 yangefikia volti 240 kwa wakati mmoja pasipo fyuzi kuungua, na hapo ulinzi pekee uliobaki ungekuwa ile swichi kuanguka baada ya mtu kuwa amekwishagusa. Ukubwa wa madhara hupimwa kwa ajali mbaya inayoweza kutokea kwa sababu moja zaidi, na katika chumba hiki sababu hiyo moja ilikuwa kifaa cha bei nafuu kinachoharibika kila mahali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haiachi jambo hili kwa hiari ya msimamizi. Kifungu cha 6 kinamtaka anayeshikilia mahali pa kazi, awe mmiliki au la, kufanya tathmini ya hatari na kuchukua hatua kulingana na matokeo yake, na nakala ya ripoti humfikia afisa wa usalama na afya kazini wa eneo. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi kumripotia msimamizi wake hali yoyote anayoamini kwa sababu za msingi kwamba ni hatari kubwa au ya papo hapo, na kinamzuia mwajiri kumlazimisha arudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Mhudumu wa asubuhi alikuwa ametimiza wajibu wake kisheria tangu siku aliyosema kwa mara ya kwanza. Lililokosekana ni ingizo lenye kubeba aliyoyasema, na ndiyo maana nashikilia kwamba maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, pamoja na saa, hali ya sakafu na vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa, kabla ya mtu mwingine kuyatafsiri kuwa jina la ubovu.

Yaliyofanywa

Ekstensheni ya kwanza iliondolewa siku hiyohiyo na kufungiwa ofisini ikiwa na lebo, na mafunzo yakasimamishwa. Fundi mwenye leseni alipitisha nyaya mpya ndani ya mifereji ya plastiki iliyobandikwa juu ya ukuta, bila kuchimba matumbawe, akagawa chumba katika njia mbili za umeme, kila moja ikiwa na swichi yake ya miliampia 30 na kompyuta sita. Mvujo wa kila njia ni miliampia 4.8. Kanuni ya mafundi ni kwamba mvujo wa kawaida usizidi asilimia 30 ya kiwango cha swichi, yaani 9, na kwa hiyo hakuna tena kishawishi cha kukata ethi ili kuinyamazisha. Hili ni muhimu kuliko kuunganisha upya waya uliokatwa: waya huo ungeunganishwa peke yake, swichi ingeanza tena kuanguka, na fundi mwingine mwenye koleo angefika.

Printa ilihamishiwa mwisho wa chumba. Kupiga deki kulisogezwa hadi baada ya kufunga jioni. Viatu vya mpira vya ndani vilinunuliwa na kuwekwa mlangoni, navyo viliandikwa kuwa kinga ya ziada tu, visije vikahesabiwa kuwa suluhisho.

Katika ukaguzi huohuo lilionekana jambo jingine chini ya ngazi: mashine ya umeme wa akiba inayolisha seva, ikiwa na betri zilizovimba kwa joto, na ambayo iliendelea kutoa volti 240 hata baada ya swichi kuu ya nyumba kuzimwa. Liliandikwa kama hatari inayojitegemea, pamoja na tangazo mlangoni kwamba kuzima swichi kuu hakuifanyi seva kuwa salama kuguswa ndani.

Ingizo la chumba cha mafunzo halijafungwa. Ukinzani wa fimbo ya ethi ya nyumba ulipimwa wakati wa mvua za masika, na matokeo yalikuwa mazuri, lakini udongo wa mchanga uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mchanga mkavu, kwa hiyo kipimo cha masika ni kipimo cha hali bora kuliko zote katika mwaka. Safu ya mwisho ya rejesta inasema kipimo kirudiwe na fundi yuleyule katika miezi mikavu ya kaskazi, kabla ya mvua kuanza tena, na kwamba ingizo litafungwa kwa saini mbili, ya fundi na ya mhudumu wa zamu ya asubuhi.